Programu yangu inazimika tangu niwashe ulinzi wa anwani za kumbukumbu. Niuzime wote?

Swali: Mtaalamu, habari za kazi. Natumia programu ya hesabu na bidhaa ya biti 32, iliyotengenezwa miaka mingi iliyopita na mtu ambaye sasa hapatikani. Kwenye kompyuta ya zamani haikuwahi kunisumbua. Nimehamia kompyuta mpya yenye Windows 11, nikafuata mwongozo wa usalama ulioniambia niwashe kila kitu kwenye ukurasa wa Exploit protection, ikiwemo Mandatory ASLR. Tangu hapo programu mara inafunguka, mara inatoweka bila neno, mara inatoa hitilafu 0xc0000005. Git Bash, programu ninayoandikia amri za Git, nayo haifunguki kabisa. Mwenzangu kazini anasema ASLR ni balaa tupu, niizime kwa mashine nzima. Je, yuko sahihi? Na kwa nini ulinzi uivuruge programu isiyo na kosa?

Jibu: Ndugu yangu, usiizime kwa mashine nzima. Kinachokusumbua ni swichi moja tu kati ya kadhaa za ASLR, na hiyo moja Microsoft wenyewe huiacha imezimwa Windows inaposakinishwa. Unaweza kuirudisha ilivyokuwa, au ukaiacha imewashwa na kuzisamehe programu zako hizo peke yake. Hatua zake nitazieleza huko chini. Lakini naomba kwanza nijibu swali lako la pili, la kwa nini, maana ndilo litakalotuonyesha programu yako inaumwa nini, na kama kuisamehe kutatosha.

ASLR (Address Space Layout Randomization) ni utaratibu ambao mfumo endeshi hutawanya kwa nasibu mahali ambapo vipande vya programu vinakaa kwenye kumbukumbu. Kabla haujakuwepo, faili ya EXE ya Windows, yaani faili kuu ya programu, kwa kawaida ilikaa kwenye anwani 0x00400000, na DLL, yaani faili ya msimbo wa ziada ambayo programu huipakia, ikipendelea 0x10000000, kwenye kila mashine, kila siku. Mshambuliaji aliyegundua kosa linalomruhusu kupotosha mwendo wa programu alihitaji kujua kitu kimoja tu: aielekeze wapi. Jibu alilipata kwenye kompyuta yake mwenyewe, akaliandika ndani ya shambulio lake, na likafaa kwa watu wote. Mwaka 1997 mtaalamu wa usalama ajiitaye Solar Designer alionyesha kwamba hata ukiizuia staki (eneo la kumbukumbu la kazi za muda) isiendeshe msimbo, mshambuliaji bado anaweza kurukia msimbo halali uliokwisha kuwemo kwenye maktaba ya C, mradi anajua ulipo. Mwindaji hutega penye njia ambayo mnyama hupita kila siku. ASLR inaihamisha njia.

Jina hilo lilitoka kwa kundi la PaX mwaka 2001, walipotoa kiraka cha kerneli, yaani kiini, ya Linux. OpenBSD 3.4 ikaufuata utaratibu huo mwaka 2003, Linux yenyewe ikapokea toleo jepesi katika kerneli 2.6.12 mwaka 2005, Windows Vista na Mac OS X 10.5 zikaja nao mwaka 2007, kisha iOS 4.3 na Android 4.0 mwaka 2011. Pima miaka hiyo na umri wa programu yako. Kama iliandikwa kabla ya 2007, basi kwenye mashine ya mwandishi wake karibu kila kitu kilikuwa palepale kila mara alipoiwasha, na hakuwa na namna ya kugundua kwamba msimbo wake unategemea hilo.

Microsoft walilijua hilo, ndiyo maana kwenye Vista waliufanya utawanyaji kuwa wa hiari. Faili ilihamishwa tu kama mtengenezaji aliiwekea alama ya /DYNAMICBASE wakati wa kuiunganisha. Zisizo na alama ziliachwa mahali pake. Uungwana huo kwa programu kongwe ulikuwa na gharama, kwa sababu wavamizi wakaanza kuwinda DLL moja tu isiyo na alama ndani ya mchakato wowote, yaani programu yoyote inayoendeshwa. MSVCR71.DLL iliyokuja na Java 6 ilitumika hivyo mara nyingi. Vilevile hxds.dll ya Office 2007 na 2010: ukurasa wa wavuti ungeweza kuifanya Internet Explorer iipakie, na tayari mvamizi ana sehemu imara ya kukanyaga. Microsoft waliliziba hilo kwa sasisho MS13-106 mnamo Desemba 2013.

Utawanyaji wa lazima ulizaliwa kutokana na matatizo ya aina hiyo. Kuanzia Windows 8, mfumo wenyewe unaweza kuihamisha faili hata kama mtengenezaji hakuomba. Hiyo ndiyo swichi uliyoiwasha. Mwongozo wako haukuwa na nia mbaya, ila ulikuagiza jambo ambalo huamuliwa programu kwa programu, ukalifanya kama taa ya kuwasha na kuzima.

Sasa tuje kwenye ugonjwa. Msimbo wa biti 32 umejaa anwani kamili: nenda pale, soma thamani iliyo hapa. Ukiihamisha faili, kila anwani ya namna hiyo lazima isahihishwe, na orodha ya mahali pa kusahihisha hukaa kwenye sehemu ya faili iitwayo .reloc. Zamani watengenezaji walizoea kuifuta orodha hiyo kwenye EXE, kwa hoja iliyoeleweka wakati ule: EXE ndiyo inayoingia kwanza kwenye nafasi yake ya kumbukumbu, hakuna wa kugombana naye, kwa nini ibebe mzigo usiotumika? Faili iliyofutwa orodha haihamishiki. Ukiwa umewasha utawanyaji wa lazima peke yake, Windows huiacha ikae mahali pake pa zamani. Ukiwa umeweka pia tiki kwenye Do not allow stripped images, inakataa kuiendesha kabisa.

Kwa hiyo kama tatizo lako lingekuwa orodha iliyofutwa, programu ingefunguka siku zote au isingefunguka hata mara moja. Yako inafunguka mara nyingine. Nambari 0xc0000005 nayo maana yake ni kwamba programu imegusa anwani isiyoruhusiwa kuigusa. Ukiyaweka mawili hayo pamoja unapata picha ya programu inayodhani kwamba kitu fulani kiko kwenye anwani fulani, na dhana hiyo inatimia siku moja na kuvunjika siku nyingine. Utawanyaji haukuiingiza dhana hiyo. Ilikuwemo tangu mwanzo, ila hapakuwahi kuwa na kitu cha kuijaribu.

Mshukiwa wangu wa kwanza ni faili ya data yenye pointa ndani yake, yaani namba zinazotaja anwani za vitu kwenye kumbukumbu. Programu nyingi za hesabu za zamani zilifungua faili zao kwa kuziweka moja kwa moja kwenye kumbukumbu, kwenye anwani iliyochaguliwa na mwandishi, kisha rekodi moja ikaielekeza nyingine kwa anwani kamili. Ilikuwa njia ya haraka, na mradi nafasi ile ilikuwa wazi, yote yalikwenda sawa. Leo kuna DLL iliyohamishwa ambayo asubuhi hii imeangukia katikati ya nafasi hiyo. Ombi la kuiweka faili pale linakataliwa, mwandishi hakuangalia kama ombi lake limekubaliwa, na mstari unaofuata unasoma hewa.

Usidhani ni uzembe wa watu wadogo. PostgreSQL, hifadhidata inayoheshimika dunia nzima, ilisumbuliwa na jambo la jamii hiyohiyo kwenye Windows. Inaendesha michakato mingi inayochangia kumbukumbu moja ya pamoja, na kumbukumbu hiyo lazima ionekane kwenye anwani ileile ndani ya kila mchakato, kwa kuwa ina pointa ndani yake. Kwenye Unix halina tabu, kwa sababu mchakato mtoto huzaliwa kama nakala kamili ya mzazi. Windows haizalishi michakato hivyo. Mtoto huanza upya, halafu anaomba aunganishwe palepale alipo mzazi. Wasimamizi wa seva walikuwa wakikutana na ujumbe usemao kwamba imeshindikana kuunganisha tena kumbukumbu ya pamoja, hitilafu 487, yaani anwani haifai. Sehemu ya dawa waliyoichagua ilikuwa kuzijenga faili zao za Windows bila utawanyaji wa anwani. Ni uamuzi wa watu wanaoujua usalama vizuri, na walioupima kabla ya kuuchukua.

Hilo linatuleta kwenye Git Bash yako. Git Bash imejengwa juu ya MSYS2, tawi la Cygwin, na kazi ya Cygwin ni kuzifanya programu za Unix ziishi ndani ya Windows. Programu hizo hutegemea fork, ile amri ya kuzaa nakala ya mchakato. Kwa kuwa Windows haina amri hiyo kwa namna wanavyoihitaji, Cygwin huiigiza: inaanzisha mchakato mpya, inapakia DLL zilezile, kisha inanakili kumbukumbu ya mzazi kuingia kwa mtoto. DLL yoyote ikikaa kwenye anwani tofauti na aliyokuwa nayo mzazi, pointa zote zilizonakiliwa zinaelekeza kusikokuwa na kitu, na Cygwin inajizima badala ya kuendelea na data iliyoharibika. Utawanyaji wa lazima unampa kila mchakato mpangilio wake. Ni wazi hapo kwamba Git Bash haina nafasi. Watumiaji wa Cygwin wanaijua amri ya rebaseall, ambayo huzipangia DLL zote anwani zisizogongana; inasaidia kwenye migongano ya kawaida, lakini haishindani na mfumo endeshi ulioamriwa kuhamisha kila kitu.

Mfano mwingine ninaoupenda kwa jinsi ulivyomalizika ni wa Emacs, programu ya kuhariri maandishi. Kwa miongo mingi ilijengwa kwa kuipakia, kuijaza msimbo wake wa lugha ya Lisp, kisha kuimwaga kumbukumbu yake yote kwenye faili mpya ya kuendeshwa. Linux ilipoanza kutawanya hipu (eneo la kumbukumbu ya kuombwa), picha iliyomwagwa haikulingana tena na ilipopakiwa, na wajenzi wakalazimika kuzima utawanyaji kwa muda wa ujenzi. Emacs 27, iliyotoka mwaka 2020, ilikuja na namna mpya ya kuhifadhi picha hiyo, namna isiyojali imepakiwa kwenye anwani gani. SBCL, kompaila ya Common Lisp, kwa miaka ilifuata njia nyingine kwenye Linux: ikianza, iliuliza kerneli kama utawanyaji umewashwa, ikauzima kwa ajili yake yenyewe tu, kisha ikajiwasha upya. Njia hizo mbili, ya Emacs 27 na ya SBCL, hazikumtaka mwenye kompyuta azime ulinzi wa wengine. Ndicho ninachotaka na wewe ufanye.

Mshukiwa wa pili ni kosa la kawaida la programu lililokuwa limejificha. Kigezo ambacho hakikupewa thamani ya mwanzo, kwa mfano, husoma masalia yaliyokuwepo pale kwenye kumbukumbu. Mpangilio ukiwa uleule kila siku, masalia nayo huwa yaleyale, na kwa bahati yakawa hayadhuru. Ukibadilika mpangilio, bahati imekwisha. Jamii hiyohiyo ina programu zinazopanga orodha kwa kufuata anwani za vitu badala ya thamani zake. Hizo hazianguki, zinatoa majibu yenye mpangilio tofauti kila zikiendeshwa, na kwa maoni yangu ni mbaya zaidi, maana hakuna ujumbe wa hitilafu wa kumshtua mtu. Kwa programu ya hesabu, hilo ni la kuangalia kwa makini: linganisha ripoti moja iliyochapishwa mara mbili.

Makosa ya aina hii yana tabia ya kumkimbia anayeyatafuta. GDB, programu ya kuchunguza hitilafu kwenye Linux, huzima utawanyaji kwa programu inayoichunguza isipoambiwa vinginevyo, ili anwani zisibadilikebadilike mbele ya macho ya mchunguzi. Basi fundi anaiendesha ndani ya GDB, inakwenda vizuri, anaitoa, inaanguka. Dawa yake ni amri ya set disable-randomization off kabla ya kuanza.

Kuna ugonjwa wa tatu ambao wewe hauna, kwa kuwa programu yako ni ya biti 32, lakini utaupata siku mtu atakapokuambia ataijenga upya kwa biti 64. Waandishi wengi wa zamani walihifadhi pointa ndani ya namba ya kawaida ya biti 32. Kwenye Windows ya biti 64 hilo lilikuwa likipona kimyakimya kwa sababu kumbukumbu ya kuombwa ilianzia chini, ndani ya gigabaiti 4 za kwanza, na nusu ya juu ya anwani ilikuwa sifuri tupu. Windows 8 ilileta utawanyaji mpana kwa faili zenye alama ya /HIGHENTROPYVA, na Visual Studio za leo, zana za Microsoft za kujengea programu, huiweka alama hiyo zenyewe kwenye kila mradi wa biti 64. Anwani zinapanda mbali juu, nusu inakatwa, na kinachobaki ni namba isiyoelekeza popote. Akikuambia fundi kwamba programu ilikuwa nzima mpaka alipoijenga kwa kompaila mpya, mwambie aanzie kuangalia hapo.

Mwenzako akisema mambo haya ni ya programu kongwe tu, mpe habari ya mwaka 2024. Ubuntu ilipandisha kiwango cha nasibu cha kerneli yake, vm.mmap_rnd_bits, kutoka biti 28 hadi 32, yaani kutoka nafasi zinazozidi milioni 268 hadi zaidi ya bilioni 4. AddressSanitizer na ThreadSanitizer, zana zinazotumika hasa kutafuta makosa ya kumbukumbu, zikaanza kuanguka mara moja moja bila utaratibu, kwa sababu zimejitengea maeneo yao maalumu ya anwani, na sasa vitu vingine viliweza kuangukia humo. Waliojaribu programu zao kwenye mashine za kukodi waliona majaribio yakifeli leo na kufaulu kesho bila mstari wa msimbo kubadilika. Tiba ya haraka ilikuwa kurudisha 28. Baadaye zana zenyewe zikafundishwa kutambua mpangilio usiozifaa na kujiwasha upya bila utawanyaji, kama SBCL.

Upande wa simu haukuwa na huruma hivyo. Android 5.0, mwaka 2014, ilikataa kabisa programu za mstari wa amri zisizojengwa ili zikae anwani yoyote, ikitoa sentensi moja tu ya kukataa. Waliotaka kuhudumia na simu zilizo chini ya Android 4.1 walilazimika kutoa faili mbili, kwa kuwa simu hizo hazikuweza kuendesha faili za aina mpya. Kwenye Linux ya kompyuta, usambazaji mkubwa ulipoanza kujenga kila kitu kwa namna hiyo, Ubuntu 16.10 kisha Debian 9, yalijitokeza hata mambo madogo ya kuudhi: kidhibiti faili kiliiona programu kama maktaba, na mtu akiibofya mara mbili haifunguki.

Turudi kwenye meza yako. Kabla ya kubadili chochote, fungua Event Viewer, nenda Windows Logs, kisha Application, utafute tukio la saa ambayo programu ilizimika. Andika jina la moduli iliyoanguka, nambari ya hitilafu na thamani ya Fault offset. Moduli ikiwa ni DLL ya programu yako mwenyewe na offset ikiwa ileile kila mara, una kosa moja linalorudiwa mahali pamoja. Offset ikiwa inarukaruka, yaelekea kumbukumbu inaharibiwa mapema na programu inakufa baadaye, mahali popote. Moduli ikiwa ya antivirusi au ya programu nyingine inayojipenyeza ndani ya michakato ya wenzake, umepata mshukiwa ambaye hata sikumtaja, na hiyo si kazi ya kubadili mipangilio ya ASLR. Sasisha programu hiyo kwanza.

Kisha fungua Windows Security, App & browser control, halafu Exploit protection settings. Kwenye kichupo cha Program settings chagua Add program to customize, na uchukue Choose exact file path badala ya jina tupu. Elekeza kwenye EXE ya programu yako, tafuta Force randomization for images (ndiyo Mandatory ASLR), weka tiki ya Override system settings, na uiweke Off. Funga programu kabisa, uifungue tena. Usiguse mstari mwingine wowote kwenye dirisha hilo. Mtu anayezima mistari mitano kwa mpigo, programu ikapona, hajui ni upi uliokuwa ukiiua, na amebaki na minne aliyoizima bure.

Kwa Git Bash itabidi usamehe zaidi ya faili moja, maana kila zana iliyomo kwenye folda ya usr\bin ya Git ni programu ya MSYS2 inayojitegemea. Utaona watu wakitumia PowerShell, dirisha la amri la Windows, kwa amri kama hii:

Set-ProcessMitigation -Name bash.exe -Disable ForceRelocateImages

Inafanya kazi, na kwa bash.exe sina neno. Ila angalizo: ukiirudia kwa kila jina lililomo kwenye folda, utakuwa umezisamehe pia zana za Windows zenyewe zenye majina hayohayo, mfano find.exe na sort.exe. Kwa hizo tumia njia kamili ya faili. Ukiona kazi hiyo inachosha, na kwa mtu anayetumia Git kila siku inachosha kweli, basi rudisha utawanyaji wa lazima kwenye Use default kwa mfumo mzima. Hutakuwa umefanya kosa. Faili zilizoomba kutawanywa, ambazo ni karibu zote za Windows yenyewe na za vivinjari vya leo, zitaendelea kutawanywa vilevile.

Ukiamua kuiacha ya lazima ikiwa imewashwa, kuna mtego ambao lazima nikuonyeshe. Mwaka 2017 Will Dormann wa CERT/CC, kituo cha Marekani kinachoratibu taarifa za udhaifu wa usalama, aligundua kwamba kuanzia Windows 8, kuwasha utawanyaji wa lazima kwa mfumo mzima bila kuwasha pia ule wa Bottom-up (swichi nyingine ya ASLR kwenye ukurasa uleule) kunazihamisha faili zisizo na alama, lakini kunazipeleka kwenye anwani ileile kila mara, hata baada ya kuwasha kompyuta upya. Yaani unapata taabu zote za kuhamishwa bila faida yoyote ya nasibu. Kibaya zaidi, dirisha la mipangilio lilionyesha Bottom-up kuwa imewashwa kwa chaguo-msingi, ilhali thamani iliyokuwa inahitajika haikuwa imeandikwa kwenye rejista. Kwa hiyo usiiache Bottom-up kwenye Use default. Ichague On by default kwa mkono wako, uwashe mashine upya, halafu ukague kwa Get-ProcessMitigation -System.

Umepoteza nini kwa kuisamehe programu yako? Kwa kusema kweli, si kingi. Nafasi ya anwani ya biti 32 ni finyu. Kwenye Vista, EXE ilikuwa na nafasi 256 tu za kuangukia. Mwaka 2004 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford waliivunja seva ya Apache iliyolindwa na PaX kwenye mashine ya biti 32 kwa wastani wa sekunde 216, kwa kubahatisha tu mpaka wakapata. Lakini seva ile ilijiinua kila ilipoanguka, ikampa mshambuliaji nafasi nyingine. Programu yako ikianguka, wewe unaona. Kwa mashine nzima hesabu ni nyingine kabisa. Kivinjari cha biti 64 kinachofungua kurasa za watu usiowajua kinalindwa sana na utawanyaji, na mwenzako anakushauri uuondoe hapo ili kuiponya programu ya hesabu.

Swali la kuuliza kuhusu programu iliyosamehewa ni hili: inasoma nini kutoka nje? Kama inafungua faili zake yenyewe tu, endelea nayo. Kama inasikiliza mtandao, au inapokea faili kutoka kwa watu wengi, iweke ndani ya kompyuta pepe isiyo na mtandao, uihamishie data kwa mkono. Iendeshe kwa akaunti isiyo na haki za msimamizi. Na kwa kuwa aliyeiandika hapatikani, toa data yako kwenye muundo unaosomeka na programu nyingine, CSV au mwingine wowote, wakati ambapo bado inafunguka. Tena ufanye leo, kabla hata ya kujaribu hayo mengine.

Siku msimbo wake ukipatikana, mpe atakayeushika maelekezo haya. Pointa zilizohifadhiwa ndani ya faili ya data zigeuzwe kuwa umbali kutoka mwanzo wa faili. Kila mahali pointa inapowekwa kwenye namba, itumike aina ya uintptr_t. Kila ombi la kumbukumbu likaguliwe kama limekubaliwa. Halafu ijengwe kwa /DYNAMICBASE, na ijaribiwe huku utawanyaji wa lazima ukiwa umewashwa, mara nyingi, sio mara moja.

Ikiwa utaisamehe programu na bado inatoweka, nitumie zile taarifa tatu za Event Viewer, pamoja na matokeo ya amri ya dumpbin /headers (zana ya Visual Studio) kwa EXE na kwa kila DLL iliyo kwenye folda yake. Kwenye matokeo hayo tafuta maneno Dynamic base na Relocations stripped. DLL ambayo ni ya zamani kuliko wenzake, au yenye alama tofauti na wenzake, ndiyo nitakayoanza nayo.